Gitaa la Zamani Mezani kwa Fundi

Mtu anayemiliki gitaa la zamani la jazz, hasa lile lililotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1930 na ya 1960, anamiliki vitu viwili ndani ya sanduku moja. Kimoja ni chombo cha kazi, ambacho ubora wake hupimwa kwa namna kinavyolia na kinavyokaa mkononi. Kingine ni bidhaa ya kale, ambayo bei yake hupimwa kwa kiasi ilivyobaki vilevile kama ilivyotoka kiwandani. Vitu hivyo viwili huweza kuishi pamoja kwa muda bila ugomvi, lakini gitaa linalopigwa huchakaa, na kila linapopelekwa kutengenezwa, kile kinachomfaa mpigaji humpunguzia hamu mkusanyaji wa vitu vya kale. Ndiyo maana swali la kuuza au kutouza, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni mvutano kati ya fedha na mapenzi, mara nyingi huwa limekwisha kujibiwa mezani kwa fundi, miaka mingi kabla mwenye gitaa hajaingia dukani kuuliza atapewa kiasi gani. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa ni za mpigaji mmoja aliyezaliwa Tanga na kuishi sehemu kubwa ya utu uzima wake katika jimbo la Michigan, naye ndiye mwandishi wa makala haya.

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua neno jazz kutokana na majina ya bendi za dansi, kama vile Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au NUTA Jazz, ambazo gitaa lao la solo lilikuwa na sauti kali na nyembamba, yenye kupenya juu ya tarumbeta na ngoma. Gitaa linalozungumziwa hapa ni la ukoo mwingine. Kifua chake kimebinuka kama cha fidla, tumbo lake ni tupu, na badala ya tundu moja la duara lina matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f. Kampuni ya Gibson, iliyokuwa na kiwanda chake katika mji wa Kalamazoo, Michigan, ilitoa mfano mashuhuri wa aina hiyo mwaka 1922, uliopewa jina la L-5, nao ulikuwa na kazi moja kubwa, yaani kusikika ndani ya kundi lenye ala za kupuliza kabla amplifaya hazijaenea. Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki nayo hadi alipofariki mwaka 1987, alitumia magitaa ya ukoo huo kupiga mapigo manne kwa kila kipimo, bila umeme, kwa miaka hamsini. Umeme ulipofika, yaani kinasa mlio chenye sumaku na waya uliozungushwa mara maelfu, ambacho wapigaji hukiita pikapu, gitaa liliweza kujibizana na saksafoni kwa nguvu sawa. Kijana Charlie Christian alilithibitisha hilo katika kundi la Benny Goodman kuanzia mwaka 1939, kabla ya kufariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25.

Gitaa la mwandishi ni la aina ya ES-175, iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 kwa dola 175, bei ambayo ndiyo iliyolipa jina. Tofauti na L-5, ambayo kifua chake kilichongwa kutoka katika ubao mzima wa sprusi, ES-175 ilitengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa na kukandamizwa hadi zikapata mbinuko, kwa lugha ya mafundi wa samani, plaiwudi. Wakusanyaji wenye kujivuna huutaja ukweli huo kwa kubeza, lakini wapigaji waliokesha kwenye vilabu huutaja kwa shukrani, kwa kuwa kifua cha plaiwudi ni kigumu zaidi, hakitikisiki ovyo, na kwa hiyo si chepesi kuanza kuvuma pale sauti ya amplifaya inaporudi ndani ya tumbo la gitaa na kujizungusha. Mwaka 1957 gitaa hilo likaanza kuwekewa pikapu mpya iliyobuniwa na Seth Lover, mhandisi wa Gibson, yenye koili mbili zilizounganishwa kwa namna ya kufutiana mnguruma wa umeme. Kutokana na mabadiliko hayo ikapatikana ile sauti ya duara, yenye giza kidogo, ambayo leo watu wengi wanapofikiria gitaa la jazz ndiyo wanayoisikia kichwani.

Umiliki wenyewe wa chombo kama hicho haukuwa jambo la kawaida kwa mtu aliyekulia Tanzania ya miaka ya bendi kubwa. Katika mfumo huo vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, ambaye aghalabu alikuwa taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliajiriwa, alipewa gitaa la kufanyia kazi, na alipohamia bendi nyingine alilirudisha na kukuta jingine huko aendako. Mfumo huo ulikuwa na dhuluma zake, ambazo wanamuziki wenyewe wamezieleza vya kutosha, lakini ulimwondolea mpigaji shida moja, kwa maana hakuna aliyekaa usiku akijiuliza kama auze gitaa lisilo lake. Mwandishi alipofika Michigan akakuta kwamba kila mpigaji ana lake, tena anaijua nasaba yake kama watu wa pwani wanavyojua nani mjukuu wa nani, ilimchukua muda kuelewa kwamba huko gitaa ni kama shamba: linalimwa, lakini pia linaweza kuwekwa rehani.

ES-175 hiyo ilinunuliwa kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akipiga kwenye kumbi za harusi na hoteli za magharibi mwa jimbo hilo, kwa bei ya kirafiki. Umri wake kamili hauwezi kusomwa kwa nambari peke yake, kwa kuwa katika miaka ya 1960 Gibson ilirudia nambari zilezile za tarakimu sita kwa magitaa ya miaka tofauti, hata ikawa nambari moja inaweza kuwa ya 1962 au ya miaka kadhaa baadaye. Inabidi kutafuta ushahidi mwingine, kama vile upana wa shingo karibu na kichwa, ambao ulipunguzwa katikati ya muongo huo, tarehe zilizofichwa katika tarakimu za vifundo vya sauti, na kibandiko kilichopo chini ya pikapu. Kibandiko hicho kina kichekesho chake. Kwa miaka ya mwanzo kilisema tu kwamba hataza imeombwa. Baadaye, kuanzia takriban 1962, kikaandikwa nambari ya hataza, ila nambari iliyoandikwa haikuwa ya pikapu bali ya kishikio cha nyuzi kilichobuniwa na Les Paul. Hadi leo watu hulipa maelfu ya dola zaidi kwa pikapu yenye kibandiko cha kwanza kuliko yenye cha pili, ingawa kati ya zile zilizotengenezwa karibu na mpito huo masikio ya wengi hayawezi kuzitofautisha.

Jambo jingine lililoonekana tangu siku ya kununua ni kwamba vikaza nyuzi, yaani vile vifundo vya kichwani vinavyozungushwa kutafuta sauti, havikuwa vya asili. Vile vya kiwandani vilikuwa vya kampuni ya Kluson, vyepesi, vyenye vishikio vya plastiki ambavyo baada ya miongo husinyaa, hupasuka na hatimaye humegeka vidoleni kama biskuti iliyolala nje. Mzee yule, kama walivyofanya wapigaji wengi wa kizazi chake, aliviondoa akaweka vya Grover, vizito na imara, na kwa kuwa vya Grover vina mhimili mnene zaidi, ilibidi matundu ya kichwani yapanuliwe. Kwake lilikuwa tengenezo la busara, maana mtu anayepiga harusi tatu kwa mwisho wa juma hawezi kusimama katikati ya wimbo kutafuta koleo. Katika soko la magitaa ya kale, mbao iliyokwisha kutobolewa hairudi.

Maana ya hilo ilidhihirika pale mwandishi alipokaribia kustaafu na kuanza kupanga kurudi Tanga, akalipeleka gitaa kwenye duka moja linalojihusisha na vyombo vya kale ili lipimwe. Muuzaji hakulipiga kwanza. Alizima taa, akavuta pazia, akawasha kurunzi ya mwanga wa urujuani, akaanza kulipitisha polepole mgongoni, ubavuni na kwenye shingo. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi, iliyokaa miaka mingi hewani, hung'aa chini ya mwanga huo kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, wakati rangi iliyopakwa baadaye hubaki nyeusi au hung'aa kwa namna tofauti, kwa hiyo kiraka ambacho jicho la mchana halikioni hujitokeza kama doa la maji kwenye kanzu. Mgongo ulikuwa safi. Nyuma ya shingo, mahali ambapo kidole gumba hukaa, mng'ao ulitoweka kabisa, na muuzaji akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa hapo vanishi ilikuwa imeliwa na mkono, jambo linalokubalika. Kisha akageuza kichwa cha gitaa, akatazama vikaza nyuzi, akawasha taa ya kawaida, na kuanzia hapo sauti yake ikawa ya mtu anayezungumzia kitu kingine.

Alieleza, kwa upole, kwamba soko lina ngazi. Juu kuna magitaa yasiyoguswa, ambayo wanunuzi wake hulipia kutoguswa huko. Gitaa lililopakwa rangi upya hukisiwa na wafanyabiashara wengi kuwa na nusu ya bei ya lile lenye rangi yake, na lililowahi kuvunjika kichwa hushuka karibu kiasi hichohicho hata kama limeunganishwa vizuri. Matundu yaliyopanuliwa ni kosa dogo kuliko hayo, lakini yanatosha kulihamisha gitaa kutoka ngazi ya mkusanyaji hadi ile ambayo wafanyabiashara huiita gitaa la mpigaji, yaani kitu kizuri kinachonunuliwa na mtu mwenye nia ya kukitumia. Duka lingeweza kulinunua papo hapo kwa bei ya chini, au kulipokea kwa mauzo ya kamisheni na kumlipa mwenyewe likishauzwa. Kodi ya faida ingekuja juu ya hayo.

Hadi hapo ilionekana kwamba mjadala ni wa fedha, na kama ungeishia hapo usingestahili kuandikwa. Kilichoubadilisha ni freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyopigiliwa kukatisha shingo, ambavyo uzi hukandamizwa juu yake ili kupata noti. Baada ya miaka mingi ya kupigwa, zile za karibu na kichwa zilikuwa zimechimbika vijishimo chini ya nyuzi nyembamba, kiasi kwamba baadhi ya noti zilizizima badala ya kulia. Fundi, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake, alilaza gitaa juu ya kitambaa kinene, akaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya freti na kutazama mwanga uliopita chini yake. Zilikuwa zimekwisha kusawazishwa kwa tupa zamani, akasema, na hazikubaki na kimo cha kusawazishwa tena. Ama zing'olewe ziwekwe mpya, ama gitaa liachwe jinsi lilivyo.

Kisha akaonyesha kitu ambacho mwandishi, pamoja na kulipiga gitaa hilo miaka yote, hakuwahi kukitazama. Pembezoni mwa ubao wa vidole, pale utepe mweupe wa plastiki unapokutana na ncha ya kila freti, palikuwa na kinundu kidogo cha plastiki hiyohiyo, kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele iliyovunjika, kilichoifunika ncha ya chuma. Kiwandani Kalamazoo freti zilipigiliwa kwanza, utepe ukabandikwa, kisha ukakwanguliwa hadi usawa wa ubao isipokuwa penye freti, na ndipo vinundu hivyo vilipobaki. Freti za asili ziking'olewa na mpya kuwekwa kwa njia ya kawaida, ncha zake hupita juu ya utepe, na vinundu hutoweka. Mnunuzi wa vitu vya kale huvitafuta kwa kucha kabla hata ya kuuliza bei, kwa sababu ndivyo ushahidi kwamba hakuna mkono uliopita hapo. Fundi aliweka koleo lake mezani, akasubiri.

Wapigaji wakubwa wa chombo hiki hawakuwa na tabia moja katika jambo hilo. Jim Hall alinunua ES-175 yake ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa mpigaji mwenzake Howard Roberts, na baadaye pikapu yake ya asili ikabadilishwa. Muziki wake mwingi unaosifiwa kwa utulivu ulitoka katika gitaa ambalo mkusanyaji angelipunguzia bei. Joe Pass alipewa yake kama zawadi na mpenzi wa muziki wake mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaifanyisha kazi kwa miongo. Steve Howe wa kundi la Yes, ambaye si mpigaji wa jazz kwa maana kamili, alinunua ES-175 mwaka 1964 na kulilinda kiasi cha kulilipia kiti ndani ya ndege. Upande wa pili kuna magitaa ya John D'Angelico, fundi wa New York aliyefariki mwaka 1964, ambayo yalionyeshwa mwaka 2011 katika jumba la Metropolitan la mji huo pamoja na ya mwanafunzi wake James D'Aquisto na ya John Monteleone, yakitazamwa kama vinyago. Baadhi ya magitaa ya kizazi hicho yana kinga-kifua cha seluloidi ambacho kikizeeka hutoa mvuke mchachu unaokula chuma kilicho karibu, hata yakifungiwa sandukuni bila kuguswa. Anayedhani kwamba kutolipiga gitaa ni njia ya kulihifadhi hajawahi kufungua sanduku la namna hiyo.

Hoja iliyomfikisha mwandishi kwenye uamuzi ilikuwa rahisi mara ilipowekwa kwa mpangilio. Mnunuzi ambaye angejali vinundu vya utepe alikuwa amekwisha kuondoka siku matundu ya kichwani yalipopanuliwa, pengine kabla mwandishi hajafika Marekani. Aliyebaki sokoni ni mnunuzi-mpigaji, na mpigaji hanunui vinundu. Hununua noti inayolia. Kwa hiyo kubadilisha freti kusingepunguza chochote ambacho bado kipo, na kutozibadilisha kungekuwa ni kulitunza gitaa kwa heshima ya mtu asiyekuja. Kama vikaza nyuzi vingekuwa vya asili na freti zingali na kimo, shauri lingekuwa kinyume kabisa: kuliuza mapema, likiwa kamili, kwa mtu mwenye uwezo wa kuliacha lilivyo, na kununua gitaa jipya la kufanyia kazi, ambalo kwa sauti ya kila siku lingetosha kabisa. Lililo baya kuliko yote mawili ni hali ya katikati, ambayo ndiyo ya wamiliki wengi: gitaa haliuzwi kwa kuwa linapendwa, halitengenezwi kwa kuwa linaweza kuuzwa, na kwa hiyo halipigwi.

Freti zikang'olewa. Fundi aliipasha kila moja moto kwa pasi ya kulehemu ili gundi na mafuta ya zamani vilegee, akaivuta taratibu kwa koleo lenye mdomo bapa, na bado vijipande vya ubao vilinyanyuka hapa na pale, akavirudisha kwa gundi kimoja kimoja. Ubao huo ni wa rozwudi ya Brazili, na hapo ndipo lilipojitokeza suala la safari. Mti huo, ambao kitaalamu ni Dalbergia nigra, upo tangu mwaka 1992 katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Ni ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, unaovunwa kusini mwa Tanzania na kugeuzwa klarineti Ulaya. Ukoo wote wa Dalbergia uliwekwa chini ya udhibiti mwaka 2017, na mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, ila msamaha huo hauugusi mti wa Brazili. Gitaa lenye ubao huo linahitaji hati kuthibitisha kwamba mbao ilipatikana kabla ya marufuku, na anayelihamisha nchi moja kwa moja akataka kuliuza baadaye ng'ambo atalazimika kuanza tena upya. Mashindano ya bei kati ya wanunuzi wa Chicago, Tokyo na London, ambayo ndiyo huipandisha thamani ya magitaa haya, hayafiki bandarini Tanga.

Hali ya hewa, ambayo marafiki wengi waliitaja kuwa sababu ya kuuza, ilikuwa hoja dhaifu zaidi. Majira ya baridi ya Michigan, nyumba zikiwa zimepashwa moto, hewa hukauka kiasi cha kupasua vifua vya mbao nzima, na Tanga ina kasoro ya upande wa pili, kwa kuwa unyevu wa pwani hulegeza gundi na kutia chuma kutu. Plaiwudi, ambayo tabaka zake hukatana nyuzi na hivyo kuzuiana kutanuka, huvumilia hali zote mbili kuliko kifua cha kuchongwa. Kwa mtu wa pwani, gitaa la bei ya chini katika ukoo huo ndilo lililo bora, na L-5 ya kuchongwa ya kiwanda hichohicho ingekuwa mzigo wa wasiwasi.

Hati ilipatikana, gitaa likasafiri. Soko lake jipya lilijulikana mapema, pale kiongozi wa bendi moja ya mjini, kijana mwenye masikio mazuri, alipoomba kulijaribu katika mazoezi. Alipiga kwa sauti ndogo, akatabasamu, akaongeza amplifaya hadi kiwango cha ukumbi, na kabla hajamaliza ubeti tumbo la gitaa lilianza kuvuma likafunika ngoma. Alilizima, akalipangusa kwa upindo wa shati, akalirudisha kwa mikono miwili. "Shikamoo tena, mzee," alisema. "Hili zuri sana, lakini la kupigia nyumbani."